Shokapu za Kompyuta katika Mchanga wa Tungue

Safari hii nimeona yafaa ukurasa wetu wa mambo ya nyumbani utoke kidogo jikoni uingie chini ya gari. Pengine mama wa nyumbani atauliza: chini ya gari kuna nini kinachoihusu nyumba? Jawabu ni kwamba siku hizi gari dogo la saluni limekuwa mojawapo ya mali za nyumba, kama kitanda na cherehani. Askari akilipwa malimbikizo yake, polisi akipata mkopo wake, mwalimu akifikiwa na zamu yake katika upatu, aghalabu jambo la kwanza analolifikiria baada ya bati na saruji ni gari lililokwisha tumika kutoka Japani. Akishalipata, huja washauri. Mmoja atamwambia aweke rimu pana, wa pili atamwambia aongeze mlio wa ekzosi, na wa tatu, ambaye ndiye mwenye maneno matamu kuliko wote, atamwambia atoe shokapu alizokuja nazo, atie zile zinazoongozwa kwa kompyuta.

Mimi nilishauriwa hivyo, nikakubali, nikalipa. Yaliyonipata usiku mmoja baina ya Kionga na Palma ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

USIKU WA KIONGA

Wakati ule nilikuwa nikifanya kazi Pemba. Gari langu lilikuwa saluni ya Kijapani yenye injini ya nguvu, na kila mwisho wa juma nililipitisha katika lami ya kwenda Metoro. Gereji moja iliniletea seti nzima: shokapu nne, springi fupi zilizoteremsha gari kiasi cha sentimita 3, nyaya, na kisanduku kidogo cha kuweka karibu na usukani chenye vitufe vya "laini" na "ngumu". Bei yake ingetosha kuiezeka upya nyumba ya mama yangu kwa mabati. Hata hivyo sikujuta. Juu ya lami gari lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini. Nilipokata kona halikulala upande, na niliposhika breki halikuinamisha pua.

Kisha nikahamishiwa Palma, katika ghuba yetu ya Tungue. Mwezi wa kwanza ukapita salama. Mwezi wa tatu taa ya manjano ikawaka katika dashibodi. Nikapiga simu kule gereji nilikonunua, nikajibiwa, "Mwalimu, taa hiyo isikutie wasiwasi." Nikaridhika, kwa sababu mtu aliyetoa fedha nyingi hupenda kuambiwa kwamba hakukosea.

Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, kaka yangu akanipigia simu kutoka Kionga. Mke wake alikuwa na uchungu tangu adhuhuri, na mkunga alikuwa ameagiza apelekwe Palma bila ya kuchelewa. Mwendo wenyewe haufiki kilomita 30. Nikaondoka. Nilipofika tulimpandisha shemeji kiti cha nyuma pamoja na mama yake mzazi, kaka akakaa mbele, tukaanza kurudi.

Hapo ndipo nilipofahamu maana ya ile taa. Shokapu za aina niliyonunua, zikikosa umeme, hubaki katika ugumu wake wa mwisho. Kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Shemeji hakupiga kelele, alisema tu, "Shemeji, polepole." Nami nikapunguza mwendo. Lakini kila mwenyeji wa Tungue anajua kwamba mchanga hautaki polepole. Gari likipoteza kasi katika mchanga, hasa gari lililoteremshwa, tumbo lake hukaa juu ya tuta la katikati na magurudumu huzunguka bure. Nikienda mbio namuumiza mgonjwa. Nikienda taratibu gari linazama. Nikaenda taratibu, na gari likazama.

Tulichimba kwa mikono na sahani. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko usiku wote, ikaja pikapu kuukuu ya wachuuzi wa samaki, yenye springi za vipande nyuma na shokapu za kawaida kabisa. Wakamteremsha mmoja wao nyuma na mapakacha yake, wakampa shemeji kiti cha mbele pamoja na mama yake, wakaondoka naye. Katika kizuizi cha njiani askari waliwapisha mara moja na mmoja wao akawatangulia kwa pikipiki mpaka mlangoni mwa hospitali. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya alfajiri. Dereva wa ile pikapu aliporudi kunivuta asubuhi, alilizunguka gari langu mara moja, akasema, "Mwalimu, gari lako zuri, lakini halikuzaliwa huku."

KAZI YA SHOKAPU

Watu wengi hudhani kwamba shokapu, au amortesedori kama waitavyo waliozoea Kireno, ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Lakini springi ikiachwa peke yake, ikishabonyea hurudi juu, hushuka tena, hupanda tena, na gari hurukaruka kama kitanda cha kamba chini ya watoto. Shokapu ndiyo inayoizuia springi isicheze ngoma hiyo. Ndani yake mna mafuta na kipande chenye matundu membamba. Kipande kinapopanda na kushuka, mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shokapu nzima baada ya safari ya njia mbovu utaiona ina moto.

Kazi yake kubwa basi si starehe ya abiria. Kazi yake ni kulishikiza tairi chini. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani. Gari lenye shokapu zilizokufa, likipita katika njia yenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, magurudumu yake hudunda badala ya kukanyaga. Dereva akishika breki gari husimama mbali zaidi, na akikata kona mkia hukimbilia pembeni. Ajali nyingi husemwa kuwa ni za mwendo kasi, lakini lau tungelala chini ya magari hayo tungewaona washiriki wengine.

NAHODHA NA DEMANI

Tatizo la shokapu ya kawaida ni kwamba fundi wa kiwandani huchagua ukubwa wa yale matundu mara moja tu. Akiyafanya makubwa, gari huwa laini, lakini huyumba konani. Akiyafanya madogo, gari hutulia konani, lakini humpiga abiria kwenye mashimo. Kila gari la kawaida ni sulhu baina ya mambo hayo mawili.

Shokapu ya kisasa imekuja kuivunja sulhu hiyo. Mfano wake ni nahodha wa jahazi. Nahodha hodari hafungi demani, yaani ile kamba ya kuvutia tanga, kisha akalala. Upepo ukizidi huilegeza, ukipungua huivuta, na mkono wake hautoki hapo mpaka bandarini. Katika gari, nahodha huyo ni kompyuta. Vipimo vidogo karibu na magurudumu na katika bodi humwarifu jinsi gari linavyopanda, linavyoinama na linavyogeuka. Naye hutuma umeme kwenye valvu ndani ya shokapu, ikafunguka au ikajibana. Yote hayo hufanyika katika sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi mno katika safari moja.

Kuna aina nyingine ambayo haina valvu ya kufunguka na kufunga. Mafuta yake yamechanganywa na chembe ndogo za chuma. Umeme ukipita, chembe hujipanga kwa nguvu ya sumaku na mafuta huwa mazito. Umeme ukikatika, hurudi kuwa mepesi. Maji hayo ya ajabu yalibuniwa na Jacob Rabinow huko Marekani katika miaka ya 1940, lakini haikuwa mpaka mwaka 2002 ndipo yalipotiwa katika gari la kuuzwa madukani, nalo lilikuwa Cadillac Seville STS.

Wafaransa walikuwa wamekwisha tangulia kwa njia yao. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilionyesha gari la DS katika maonyesho ya Paris. Gari hilo halikuwa na springi za chuma bali mafuta na gesi ya naitrojeni ndani ya matufe, na liliweza kujiinua na kujishusha lenyewe. Wajapani nao, mwaka 1983, walitia katika Toyota Soarer shokapu zilizobadilika ugumu kwa amri ya kompyuta. Kwa hiyo elimu hii si ya jana, na si ya uongo. Viwanda kama Bilstein na KW vya Ujerumani, Öhlins cha Sweden na Tein cha Japani huuza hata hivi leo seti za kumfungia mtu katika saluni yake ya mbio. Baadhi huunganishwa na kompyuta ya gari iliyopo. Nyingine huja na kisanduku chake na mota ndogo zinazozungusha kitufe cha ugumu juu ya shokapu. Seti kamili zilizo bora bei yake huingia katika maelfu ya dola za Marekani.

MBONA ZIKASHINDWA?

Fundi wa Palma alipozifungua shokapu zangu alinionyesha mambo matatu. La kwanza ni chumvi. Nchi yetu ni ya pwani. Upepo wa bahari hupita kila mahali, na viungo vya nyaya vilikuwa vimefanya ukoko wa kijani. La pili ni kijiti: waya wa gurudumu la nyuma ulikuwa umechanwa na kisiki, maana nyaya hizo hupita mahali palepale majani na vijiti vinapopita. La tatu ni vumbi, lililokula mpira wa kuzuia mafuta mpaka shokapu moja ikavuja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kosa la aliyeibuni shokapu. Yeye aliifikiria lami.

Jambo la nne fundi hakuwa na haja ya kulisema. Saluni nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya kiasi cha sentimita 13 hadi 16 tu baina ya tumbo na ardhi. Seti za kimbio karibu zote huziteremsha zaidi. Sentimita 3 katika barabara ya Maputo ni urembo. Katika njia ya udongo na mchanga inayotoka Palma kwenda Msimbwa, mwendo wa kama kilomita 80, sentimita 3 ndizo zinazotenganisha aliyefika na aliyelala njiani. Na hasa katika miezi ya mvua, kuanzia Disemba hadi Aprili, wakati mito inapojaa na vigari huacha makorongo yenye kina.

Nasi watu wa huku hatuna haja ya kukumbushwa thamani ya kufika. Mwezi wa Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa na watu wakakimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa kila kilichoweza kutembea, gari halikuulizwa linakatiza kona namna gani. Liliulizwa kama litawaka, na kama litapita.

MABINGWA WALIENDESHA NINI?

Kijana anayependa mbio za magari ataniambia kwamba haya ni maneno ya mtu mwoga. Basi na tuwatazame mabingwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miongo yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika matope na vumbi tunavyovijua. Peugeot 404, saluni ya kubebea familia, ilishinda mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, Shankland akiwa mkazi wa Dar es Salaam. Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Peugeot 504, ambayo wazee wetu waliijua kama teksi, ilichukua ushindi wa mwaka 1975. Hakuna kati ya magari hayo lililokuwa na kompyuta katika shokapu. Yalikuwa na springi imara, nafasi ya kutosha chini, na mafundi waliokagua kila bolti.

Na hata siku hizi, mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, baada ya miaka 19, Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris, magari yale ya thamani kubwa yalitumia shokapu za mafuta na valvu zisizoongozwa kwa umeme. Sheria za mchezo haziruhusu. Ubora wake umo katika urefu wa mwendo wa shokapu, wingi wa mafuta na uimara wa chuma. Mchanga wa Naivasha, ulio laini kama unga, haukuwahurumia. Lakini waliovuka walivuka kwa vitu ambavyo fundi huweza kuvifungua na kuvifunga chini ya mti.

USHAURI KWA MWENYE NYUMBA

Simkatazi mtu kununua shokapu za kompyuta. Aishiye Maputo, Dar es Salaam au Nairobi, na gari lake halishuki kwenye lami, akiwa na uwezo, atapata kitu chema. Ninachosema ni kwamba kabla fedha ya nyumba haijatoka, yapo mambo ya kutazamwa.

Kwanza, jua ulicho nacho. Baadhi ya saluni zilizotumika, kwa mfano aina fulani za Toyota Mark X na Toyota Crown Athlete, huja tayari na shokapu za umeme kutoka kiwandani. Ukiona waya unaingia juu ya shokapu, ndizo hizo. Usikubali fundi atoe moja tu na kuweka ya kawaida. Gari litakuwa na miguu isiyolingana. Ukiamua kurudi kwenye za kawaida, badilisha zote nne, na mwambie fundi kwamba kompyuta itahitaji vipingamizi vidogo vya umeme badala ya shokapu zilizotolewa, la sivyo taa itabaki ikiwaka na hutajua siku itakapowaka kwa jambo jingine.

Pili, kagua mwenyewe kila mwezi. Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia, vyema. Likiendelea kucheza, shokapu ya pembe hiyo imechoka. Chungulia: shokapu iliyolowa mafuta na kushika vumbi inavuja. Pitisha kiganja juu ya tairi: likiwa limelika kwa mabaka-mabaka, mahali pamepanda na mahali pameshuka, gurudumu limekuwa likidunda.

Tatu, shokapu hubadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Pamoja nazo zitazamwe mipira ya juu ya shokapu, bushi na bolijointi, kwa maana mara nyingi kelele inayodaiwa kuwa ya shokapu ni ya bushi ya bei ndogo. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, ama sivyo mpira utakaa umejikunja na kupasuka mapema. Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa alaimenti.

Nne, ukitaka kuliinua gari, usikimbilie vipande vya mpira au chuma vinavyopachikwa juu ya springi ovyo. Huinua kweli, lakini vikizidi hupindisha mwelekeo wa magurudumu na kuziumiza shafti. Afadhali springi imara zaidi kidogo, zenye kuinua sentimita 2 au 3, pamoja na shokapu za mafuta na gesi zilizotengenezwa kulingana nazo.

Tano, katika mchanga punguza upepo wa tairi, kwa mfano kutoka 32 hadi karibu 20, ili tairi litandae. Nenda kwa mwendo wa wastani usiokatika, na uwe na pampu ya kurudishia upepo mara ufikapo penye njia ngumu. Chukua na sepeto. Sahani si chombo cha kuchimbia. Na ukitoka ufukoni, osha tumbo la gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Sita, na hili nawaambia hasa akina baba: taa ikiwaka katika dashibodi, usimuulize aliyekuuzia. Muulize fundi asiyekuwa na faida katika jibu lake.

Gari langu sasa limerudishwa urefu wake, lina shokapu za kawaida na springi imara, na wale vijana washauri hulicheka kwamba limesimama kama mbuzi. Shemeji amekwisha lipanda mara nyingi kuja Palma, na yule binti amezaliwa siku nyingi za kutosha kukaa peke yake kitini. Tunapofika mahali pale tulipozama, mama yake humwonyesha kwa kidole. Nami hupunguza kidogo, kisha hukanyaga mafuta, na gari hupita.